Mali ya Nani? Usahihi katika Kuandika Utajiri wa Viongozi na Jamaa Zao



Nimeombwa nizungumze juu ya usahihi. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa na miaka miwili tu kazini, Dar es Salaam. Palikuwa na nyumba ya ghorofa mbili iliyopanda haraka, na mtaa mzima ulisema ni ya mbunge mmoja. Fundi alisema hivyo. Mama ntilie aliyewapikia mafundi alisema hivyo. Hata mjumbe wa nyumba kumi alisema hivyo. Nami nikaandika: jumba la kifahari la mheshimiwa fulani. Mhariri akaipenda habari, ikapanda ukurasa wa mbele.

Siku ya tatu akaja ofisini mama mmoja wa makamo, amejifunga mtandio, mkononi bahasha ya kaki. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akaanza kutoa karatasi mezani moja baada ya nyingine: hati ya kiwanja, risiti za saruji na nondo, stakabadhi za fedha zilizotumwa kutoka Muscat. Alikuwa dada yake mheshimiwa. Alikuwa muuguzi huko kwa miaka 17.

“Mwanangu,” akaniambia, “jasho langu la miaka yote hiyo umempa kaka yangu kwa mstari mmoja. Na yeye hata mfuko mmoja wa saruji hajanunua.”

Tukachapa masahihisho, ukurasa wa nne, chini kabisa, karibu na matangazo ya vifo. Lakini madhara hayakuishia kwa mama yule. Mheshimiwa alikuwa na maswali mengine ya kujibu, juu ya viwanja viwili ambavyo karatasi zake tulikuwa nazo mkononi. Kila tulipompigia simu alituuliza: “Si ninyi mliosema nyumba ya dada yangu ni yangu?” Hatukupata jibu jingine. Habari ya viwanja ikafia kwenye droo.

Ndugu zangu, huo ndio mhadhara wangu wote. Yatakayofuata ni maelezo. Kosa moja lilimdhulumu asiyehusika na likamkinga anayehusika. Na lilikaa ndani ya neno dogo kuliko yote katika sentensi ile: “la”. Jumba la nani? Shuleni tulifundishwa kuwa hiyo ni a-unganifu: ya, wa, la, za. Kisarufi haina uzito. Katika habari za mali, humo ndimo mna shauri zima.

*Dola milioni 500 za mtu mmoja*

Novemba 2011 jarida la Forbes la Marekani lilitoa orodha yake ya kwanza ya matajiri 40 wa Afrika. Uhuru Kenyatta, wakati huo Naibu Waziri Mkuu wa Kenya, aliwekwa humo kwa dola milioni 500. Hesabu hiyo ilisimama juu ya ardhi: jarida lilisema anamiliki ekari zisizopungua 500,000. Magazeti yetu yakaidaka. Kufika jioni, haikuwa tena makadirio ya jarida la New York; ilikuwa mali ya Uhuru, nukta.

Mwaka uliofuata orodha ikatoka, na jina lake halimo. Hakuwa amefilisika. Forbes walieleza kwamba walipata taarifa mpya: ardhi waliyomhesabia yeye ni ya familia, imegawanyika miongoni mwa wanafamilia. Yaani mwaka mzima Wakenya walijadili utajiri wa mtu mmoja, kumbe kilichohesabiwa ni utajiri wa ukoo.

Wapo watakaosema: tofauti iko wapi? Si walewale? Tofauti ipo, na ni kubwa. Baba yake Uhuru, Mzee Jomo Kenyatta, rais wa kwanza wa Kenya, alifariki Agosti 1978. Uhuru alizaliwa Oktoba 1961. Alikuwa hajatimiza miaka 17. Ardhi iliyopatikana katika miaka ya sitini na sabini haiwezi kuwa swali la “ulipataje?” kwake yeye. Swali hilo ni la enzi ya baba yake, na ni swali zito: nani aligawiwa mashamba ya walowezi, kwa fedha zipi, na nani aliachwa nje. Swali la mwana ni jingine: ulipokuwa waziri wa fedha, ulipokuwa rais, ulifanya uamuzi gani ulioigusa mali ya nyumbani kwenu? Mwandishi akiyachanganya maswali hayo mawili, hapati jibu la lolote.

Angalieni pia kampuni. Tumezoea kusema kampuni ya maziwa ya Brookside ni ya akina Kenyatta. Mwaka 2014 kampuni ya Ufaransa, Danone, ilinunua asilimia 40 ya hisa zake. Mwandishi anayechukua thamani ya kampuni nzima na kuiandika kwa jina la familia amewapa Wakenya ng’ombe wa Wafaransa. Kampuni si kiti cha nyumbani, kwamba ama ni chako ama si chako. Ina hisa, na hisa zina wenyewe, na kampuni ina madeni.

*Familia ni nani?*

Sasa tuje kwenye neno gumu zaidi: familia. Kwa Kiswahili tunasema nyumba, jamaa, ukoo, mlango, akina fulani. Yote hayo si kitu kimoja, nasi huyatumia kama kitu kimoja.

Nchini Tanzania, Azimio la Arusha la Februari 1967 lilipopiga marufuku viongozi kuwa na hisa katika makampuni, mishahara miwili au nyumba za kupangisha, waandishi wake walijua mali hujificha wapi. Walisema wazi kwamba kiongozi ni mwanamume au yeye na mkewe, mwanamke au yeye na mumewe. Lakini hawakuvuka kizingiti cha chumba cha kulala. Mwaka 1991 masharti yale yakalegezwa kwa Azimio la Zanzibar. Mwaka 1995 ikaja Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma, ambayo humtaka kiongozi ajaze tamko la rasilimali na madeni: yake, ya mwenzi wake, na ya watoto wasiozidi miaka 18 ambao hawajaoa wala kuolewa. Kenya nayo, katika sheria yake ya maadili ya mwaka 2003, ilichora mstari karibu hapohapo: mtumishi wa umma, mwenzi, na watoto tegemezi walio chini ya miaka 18.

Tazameni nani wamebaki nje. Mtoto wa miaka 19. Kaka. Dada. Shemeji. Mama mkwe. Binamu aliyelelewa nyumbani. Katika jamii zetu, hao ndio haswa ambao mtu huandikisha shamba kwa majina yao. Familia ya sheria ni ndogo kuliko familia ya karamu ya harusi, na mali hupita katika pengo hilo.

Pengo hilo linamtega mwandishi pande mbili. Akifuata fomu peke yake, ataandika kwamba kiongozi hana kitu, na hatakuwa amedanganya kwa mujibu wa fomu. Akifuata mtaa peke yake, atamhesabia kiongozi kila kilicho cha jamaa yake, kama nilivyofanya mimi. Kazi yetu ni kupita katikati: kusema kipo nini, kimeandikwa kwa jina gani, mwenye jina hilo ana undugu gani na kiongozi, ana kazi gani au biashara gani inayoweza kueleza mali hiyo, na kuna ushahidi gani, kama upo, unaoonyesha kwamba kiongozi ndiye aliyelipa au ndiye anayefaidi. Wataalamu wa usajili wa makampuni wana neno zuri siku hizi: mmiliki manufaa. Ni yule anayekula matunda hata kama jina lake halimo kwenye shina. Lakini umiliki manufaa ni jambo la kuthibitishwa. Undugu pekee hauuthibitishi.

*Tarakimu inayosafiri bila mwenyewe*

Twende Kongo, kwa kuwa huko kuna somo kuu zaidi la tarakimu.

Kwa miaka mingi dunia ilisema Mobutu Sese Seko, aliyeitawala nchi hiyo ilipoitwa Zaire, ana dola bilioni 5 nje ya nchi. Magazeti yalisema, wanasiasa walisema, vitabu vikanukuu magazeti, magazeti yakanukuu vitabu. Mei 1997 Kinshasa ikaanguka, Septemba mwaka huohuo Mobutu akafariki Morocco. Uswisi, nchi iliyotajwa kuliko zote, ikatafuta na kuzuia fedha alizokuwa nazo huko. Zilipatikana faranga za Uswisi milioni 7.7 hivi. Mwaka 2009, baada ya miaka 12 ya kesi na kuvutana, fedha hizo zikaachiwa warithi wake.

Ningependa msinielewe vibaya. Faranga milioni 7.7 hazithibitishi kwamba Mobutu hakuiba. Aliiba, na jumba lake la Gbadolite lililosimama katikati ya msitu ni shahidi. Inawezekana nyingi zilifichwa vizuri. Inawezekana nyingi ziliondolewa mapema. Na wanaoijua Zaire ile watawaambia kwamba nyingi hazikuwahi kuwa rundo: zilitoka Benki Kuu asubuhi na jioni zikagawiwa majenerali, machifu, wabunge na wapinzani walionunuliwa. Ulikuwa mto, nasi tulikuwa tunatafuta bwawa. Tarakimu ya bilioni 5 ilitufanya tuulize “ziko wapi?” badala ya kuuliza “zilipitaje, na nani alizipitisha?” Warithi walipoachiwa zile chache, aliyetaka kumsafisha marehemu alikuwa na la kusema: mliona?

Linganisheni na jinsi familia ya Joseph Kabila ilivyoandikwa baadaye. Desemba 2016 shirika la habari la Bloomberg lilichapisha uchunguzi ulioonyesha mtandao wa kampuni zisizopungua 70 zenye uhusiano na Rais Kabila na jamaa zake. Mwaka uliofuata Kundi la Utafiti wa Kongo, lenye makao New York, lilitaja kampuni zaidi ya 80 na mashamba ya zaidi ya hekta 71,000. Novemba 2021 muungano wa waandishi na mashirika, wakifanyia kazi nyaraka za benki zipatazo milioni 3.5, ulisema fedha za umma zisizopungua dola milioni 138 zilipitia benki moja ya Kinshasa kwenda kwa watu na kampuni za mduara wa Kabila, kati ya 2013 na 2018. Upande wa Kabila ulikana.

Dola milioni 138 ni ndogo sana mbele ya bilioni 5. Lakini ipi nzito? Hii ndogo ina benki, ina miaka, ina mtumaji na mpokeaji, na ina neno “zisizopungua”, yaani waandishi walihesabu walichokiona wakaachia pale. Anayeikana inambidi aikane karatasi kwa karatasi. Ile kubwa ilikanwa kwa kicheko.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Walimkusudia mfanyabiashara. Sisi tuigeuze: habari ya mali bila daftari nayo hupotea, na hupotea pamoja na mali.

*Anayedaiwa ni nani?*

Sasa maneno. Katika vyumba vyetu vya habari kuna neno tunalolipenda kuliko chai: inadaiwa. Inadaiwa mheshimiwa ana hoteli tatu. Inadaiwa mkewe ana mabasi. Tunaliandika tukidhani limetukinga. Lakini Kiswahili kina mzaha wake: kudaiwa ni pia kuwa na deni. Mwandishi anayeandika “inadaiwa” bila kusema nani anadai, ndiye anayedaiwa. Anadaiwa chanzo na msomaji wake.

Ndugu yake ni “anahusishwa na”. Na nani? Kwa njia gani? Shemeji wa rafiki ni kuhusishwa. Mwenye hisa asilimia 90 ni kuhusishwa. Neno linalowafaa wote wawili halimfai msomaji.

Na nyuma ya maneno hayo imesimama methali ambayo tumeifanya mhariri: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Ni methali nzuri barazani. Kazini ni sumu. Lisemwalo huenda lipo. Kazi ya mwandishi ni kwenda kuona kama lipo, wala si kulichapa akingoja lije.

Kuna pia tofauti kati ya karatasi kuwa ya kweli na maneno yaliyomo kuwa ya kweli. Mwaka 2007 ripoti ya kampuni ya upelelezi ya Kroll, yenye kurasa 110, iliyoagizwa na serikali ya Mwai Kibaki, ilivuja. Ilieleza mali nyingi za watu wa karibu na Rais mstaafu Daniel arap Moi, familia yake ikiwemo. Serikali haikusema karatasi ni ya kughushi. Ilisema ripoti haikukamilika na kwamba imejengwa juu ya tetesi. Mwandishi makini alikuwa na habari mbili mkononi: kwamba ripoti ipo na serikali ilikaa nayo tangu 2004, hilo ni hakika, na kwamba mali fulani ni ya fulani, hilo ni dai la Kroll linalotaka kupimwa moja moja. Wengi walizikunja kuwa habari moja.

Vivyo hivyo na Nyaraka za Pandora, zile nyaraka za kampuni za ng’ambo zilizovuja Oktoba 2021. Zilionyesha kwamba Rais Uhuru Kenyatta na jamaa zake sita walikuwa na uhusiano na kampuni na taasisi 13 za ng’ambo, moja ikiwa na uwekezaji wa zaidi ya dola milioni 30. Hilo lilikuwa jambo la umma kwa kila hali, hasa kwa rais aliyekuwa ameiambia BBC mwaka 2018 kwamba mali yake iko wazi. Lakini BBC hiyohiyo, katika kuripoti nyaraka zile, iliandika kwamba hazikuwa na ushahidi kuwa familia iliiba au kuficha mali ya serikali katika kampuni hizo. Sentensi hiyo haikuidhoofisha habari. Iliifunga bolti. Msomaji alijua kipi kimeonekana na kipi hakijaonekana. Wangapi kati yetu, tulipoitafsiri habari ile, tuliibeba sentensi hiyo hadi kwenye Kiswahili?

Na neno likichekesha, tunalipenda kupita swali. Aprili 2008, Andrew Chenge, wakati huo Waziri wa Miundombinu wa Tanzania, alipoulizwa juu ya zaidi ya dola milioni moja katika akaunti kisiwani Jersey, aliziita vijisenti. Alikana kwamba zilitokana na ununuzi wa rada ya serikali ya Tanzania, na mwezi huohuo akajiuzulu. Waulizeni vijana leo: neno wanalijua. Waulizeni alikana nini, fedha zilichunguzwa na nani, na uchunguzi uliishia wapi. Tulibaki na kichekesho, tukalisahau faili.

*Mezani kwa mwandishi*

Niseme ya kazi, kwa kuwa wanafunzi wa uandishi wa habari wana kalamu mkononi.

Kila tarakimu ya mali iandikwe na tarehe yake na msemaji wake. Oktoba 2022, mwanasiasa Musalia Mudavadi aliiambia kamati ya Bunge la Kenya kwamba mali yake inafikia shilingi bilioni 4. Sentensi sahihi ni hiyo: aliiambia kamati. “Mudavadi ana bilioni 4” ni sentensi nyingine, na inahitaji mtu aliyepima viwanja vile. Tamko ni ushahidi wa kile mtu alichosema. Lina faida yake kubwa: miaka mitano baadaye unamwekea matamko mawili mezani na kumwomba aeleze tofauti. Na hapo pia subira, kwa maana kiwanja kinaweza kupanda bei mwenyewe amelala, barabara ikipita jirani.

Ondoeni madeni. Nyumba yenye rehani ya benki si mali yote ya mwenye nyumba. Tofautisheni mauzo na faida, zabuni na mapato: aliyeshinda zabuni ya bilioni 2 hajaingiza bilioni 2 mfukoni. Andikeni shilingi ya nchi gani, na kiwango cha kubadilisha cha siku gani. Ekari si hekta. Hekta moja ni karibu ekari mbili na nusu, na nimeona shamba likikua mara mbili na nusu kati ya mwandishi na mhariri.

Nendeni masjala ya ardhi. Nendeni BRELA, wakala wa usajili wa makampuni wa Tanzania, na Kenya ombeni CR12 ya kampuni, ile karatasi inayotaja wakurugenzi na wenye hisa. Someni tarehe: nani aliingia lini, nani alitoka wiki moja kabla ya uteuzi. Majina yafananayo ni mtego. Juma Ali wako wangapi Tanga peke yake?

Mpeni mtu nafasi ya kujibu, na simaanishi simu moja saa kumi na moja jioni gazeti likiwa mtamboni. Mpelekeeni maswali kwa maandishi, pamoja na siku za kutosha. Na msimuulize kiongozi peke yake. Muulizeni mwenye jina. Mke ana sauti, dada ana sauti, mtoto mtu mzima ana sauti. Wengine watawafungia mlango. Wengine watakuja na bahasha.

Mkikosea, sahihisheni mahali palepale mlipokosea na kwa herufi zilezile. Katiba ya Kenya, ibara ya 35, inampa kila mtu haki ya kusahihishiwa au kufutiwa taarifa ya uongo au ya kupotosha inayomhusu. Hata pasipo katiba, adabu ingetosha.

Nimesikia hoja kwamba usahihi huu ni anasa ya nchi zenye daftari wazi. Wanatuficha fomu, wanatufungia masjala, basi tukisie. Naielewa hasira hiyo. Nimekaa kwenye benchi za masjala tangu asubuhi hadi kufungwa, nikiambiwa faili limetoka na aliyelichukua hajulikani. Lakini anayeficha ndiye anayetuombea tukisie. Kisio letu ni mwavuli wake. Faili likikataliwa, habari ndiyo hiyo: nani alikataa, siku gani, kwa kifungu gani cha sheria. Iandikeni hiyo kwa usahihi uleule.

Namalizia kwa mama yangu wa bahasha. Alipokwisha kukusanya karatasi zake, alisimama mlangoni akaniuliza swali ambalo sikulitia katika masahihisho.

“Mwanangu, ulifika pale kwenye nyumba?”

Nikamwambia nilifika, tena zaidi ya mara moja.

“Pale kwenye uzio wa mabati kuna ubao wa ujenzi. Jina la mkandarasi lipo, namba ya kibali ipo, na jina langu lipo. Hukulisoma?”

Nilikuwa nimepita mbele ya ubao ule mara nne, nikienda kuwauliza watu nyumba ni ya nani.